Umaarufu unasingiziwa, tazameni hesabu

Kuna makala niliyoisoma inayosema umaarufu ndio unaowaharibu nyota watoto wa televisheni wakishakua. Sawa, lakini imeruka suala la pesa. Jackie Coogan, nyota mtoto wa filamu za Marekani miaka ya 1920, alipofikia utu uzima alikuta mamilioni aliyoyachuma utotoni yameliwa na mama yake na baba wa kambo; kesi ilimrudishia takriban dola 126,000 tu. Ndipo jimbo la California likapitisha sheria ya kulinda mapato ya waigizaji watoto mwaka 1939. Ilikuwa na tundu: ililinda tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa, na mingi haikupelekwa. Tundu hilo lilizibwa mwaka 2000. Tangu hapo mapato ni mali ya mtoto mwenyewe, na mwajiri hukata asilimia 15 ya malipo ghafi na kuiweka kwenye akaunti iliyofungwa hadi atimize miaka 18.

Asilimia 15 ni kiwango cha chini, jamani, si akiba ya kutosha! Pesa zilizobaki hukatwa kodi, wakala huchukua asilimia 10, meneja naye mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Kinachosalia mara nyingi hulipa nyumba ya familia nzima, na mzazi akiwa ndiye meneja hakuna wa kumkagua. Gary Coleman, nyota mtoto wa kipindi cha televisheni cha Marekani Diff'rent Strokes, aliwashtaki wazazi wake na meneja, mwaka 1993 akashinda dola milioni 1.28, na mwaka 1999 akatangaza kufilisika.

Mzazi mwenye mtoto kwenye kamera aombe nakala ya taarifa ya akaunti kila robo mwaka, ailinganishe na hati za malipo. Mhasibu asiwe ndugu wala rafiki wa meneja.