Gego la miaka 6: lizibwe au lipakwe dawa?

Mtoto wa miaka 6 anaota jino nyuma kabisa, na hakuna lililong'oka kulipisha. Mzazi analihesabu kuwa la utotoni: litang'oka tu. Halitang'oka. Ni gego la kwanza la kudumu, na mifereji iliyo juu yake ni myembamba kiasi kwamba mswaki haufiki chini. Ndiyo maana, kati ya meno ya kudumu, mara nyingi huwa la kwanza kuoza.

Silanti ni utando unaopakwa kuziba mifereji hiyo mapema, bila sindano wala kuchimba. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, inasema unazuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka 2, na kama nusu hadi miaka 4. Hapo sina ubishi.

Ubishi ni wa utekelezaji. Silanti ya plastiki inataka jino liparuzwe kwa tindikali, likauke kabisa, kisha limulikwe kwa taa maalumu. Tone la mate likiingia, utando haushiki. Sasa mkalishe mtoto wa darasa la kwanza, gego lake nusu bado liko ndani ya fizi, umwambie asimeze mate! Silanti ya glasi ionoma, aina ya saruji ya meno, huvumilia unyevu, hukandamizwa kwa kidole na haihitaji umeme. Huchomoka mapema zaidi, lakini huachia floraidi, madini yanayoimarisha jino. Kwetu si ngeni: mbinu ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, ambayo sasa hutumia saruji ya aina hiyo, ilianzia Tanzania miaka ya 1980.

Wengine wanaogopa BPA, kemikali ya plastiki inayoweza kutoka kwenye silanti. Kinachotoka ni kidogo mno, tena katika saa za mwanzo. Jino likifutwa na mtoto akisukutua, nyingi huondoka. Halinikoseshi usingizi.

Hoja nzito dhidi ya silanti ni dawa ya madini ya fedha na floraidi, inayozuia jino kuoza, inayopakwa kwa brashi ndogo na iliyomo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2021. Katika utafiti wa shule za New York, baada ya miaka 4 haikuzidiwa na silanti, hata ilipopakwa na wauguzi. Tatizo lake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi, na weusi hautoki.

Kwa mtoto atakayerudi kukaguliwa kila mwaka, ningechagua silanti. Kwa shule inayofikiwa mara moja na daktari asiyejulikana atarudi lini, ningechagua dawa, mradi mzazi aonyeshwe picha ya weusi huo kabla ya kutia sahihi.