Mchungaji akienda likizo, nani azike?

Mchungaji akiomba likizo katika usharika wa huku Nyanda za Juu Kusini, mzee mmoja wa kanisa hakosi kuuliza: mkulima wa Makete ana likizo gani, na ndiye anayetoa sadaka? Swali hilo lina uzito. Wapo waumini wanaoleta debe la mahindi siku ya mavuno wakijua ya nyumbani hayafiki Februari. Tena Mbeya mjini makanisa ni mengi, na msharika aliyefiwa akakosa mchungaji hasahau.

Lakini wito haumwondolei mtu mwili. Usharika wa kijijini una mitaa kadhaa, kila mtaa na mwinjilisti wake, ila Chakula cha Bwana kinamsubiri mchungaji. Jumapili ibada mbili, katikati yake pikipiki na utelezi wa masika. Jumatatu msiba, Jumanne ndoa yenye mgogoro, Jumatano kikao cha jengo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa unatokana na msongo wa kazi wa muda mrefu, na si ugonjwa. Lilitaja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuwa mbali na kazi yako kimawazo hata kuichukia, na kujiona huna unachofanikisha. Hilo la pili likimpata mchungaji, sisi tunasema amepoa kiroho, tunamshauri afunge na kuomba. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhimiza kufunga. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ukimwambia mchungaji habari za siku hizo 28, atakuuliza azitumie wapi. Ninayemfahamu mmoja, wilayani Kilolo, huchukua likizo wakati wa kuvuna kwa sababu posho haitoshi na shamba lake linamngoja. Anabaki nyumba ileile, hatua chache kutoka mlango wa kanisa. Safari iliyopita, siku ya tatu, alibishiwa hodi alfajiri: mgonjwa amezidiwa. Alivaa koti akaenda, na kabla wiki haijaisha alikuwa akiongoza mazishi ya mgonjwa huyo. Kwenye faili la usharika siku zile zimeandikwa likizo.

Wanaopinga wana andiko lao, nalo ni zuri. Katika Marko 6 Yesu aliwaita wanafunzi faraghani wapumzike, umati ukawatangulia, naye akawahurumia akawafundisha. Kweli kabisa. Ila tusiishie hapo: baada ya kuwalisha, aliwatanguliza wanafunzi kwa mashua, akauaga umati, akapanda mlimani peke yake kuomba. Umati ulihudumiwa, kisha ukaagwa.

Kuaga ndiko tusikokupanga. Mchungaji wa usharika jirani anaweza kushika misiba kwa wiki tatu, naye akashikiwa zamu yake ikifika. Wazee wanaweza kutangaza ibadani nani apigiwe simu. Kinachohitajika ni nauli ya anayeshika zamu, na ya mchungaji na mama mchungaji waondoke kweli pale kijijini. Fedha hiyo iingie kwenye bajeti ya usharika, mstari mmoja na mafuta ya pikipiki.