Kabla ya kununua mche, onja maji ya kisima chako

Masika yakikaribia, kando ya barabara kubwa za Dar es Salaam panajaa wauza miche. Viriba vimepangwa mpaka ukingoni mwa lami, majani yanang'aa kwa maji ya asubuhi, na muuzaji ana jibu moja kwa kila mteja: "Dada, huu haufi huu. Hata usipoumwagilia unakwenda tu." Mteja analipa, anapakia kwenye bajaji, na kiangazi cha mwaka unaofuata kinakuta vijiti vimesimama kwenye mashimo.

Simlaumu muuzaji peke yake. Anauza kinachoulizwa, na sisi tunauliza kwa macho. Tumeona picha ya bustani ya hoteli ya Dubai, au ua wa shemeji aliyeko Arusha, tukataka vile vile. Msimamo wangu ni kwamba huku pwani mmea unachaguliwa kwa kuanza na maji ya kisima, ukaja upepo wa baharini, ukaja usiku usiopoa. Uzuri wa ua ufikiriwe baada ya hayo. Ukifuata mpangilio huo orodha inapungua sana, lakini mimea inayobaki inadumu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo pesa nyingi za watu zinapozama. Nyumba nyingi za Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach na Kunduchi zinaishi kwa visima, na aghalabu kadiri unavyosogea baharini ndivyo maji yanavyozidi chumvi. Huhitaji maabara kulijua hilo. Onja. Angalia kama sabuni inatoa povu, kama chai ina ladha isiyo yake, kama ndoo zina utando mweupe usiotoka kwa kusugua. Maji hayo ukimwagilia mparachichi, ncha za majani zinakauka kwanza, kisha ukahawia unatambaa kingo zote mbili mpaka jani linabaki na kijani katikati tu. Mwenye nyumba akiona jani limekauka anasema mti una kiu, anaongeza ndoo mbili. Ameongeza chumvi. Mlimau na mchungwa nayo huenda njia hiyo hiyo, tofauti ni muda. Inaniuma kumwona mtu anahangaika miaka na mparachichi usiokua wala usiokufa, na pale pale mkomamanga ungekuwa umeshampa matunda.

Ipo mimea ambayo chumvi haiisumbui sana. Mnazi unajulikana. Mvinje, mkungu, mkadi na bogenvilia zinasimama mahali ambapo mimea ya picha imeshindwa. Mtondoo nao, ingawa siku hizi watu wengi wa mjini hawaujui hata kwa jina: mti wa fukwe, majani mazito yanayong'aa, maua meupe yenye harufu, kivuli kizito, na upepo wa chumvi hauufanyi kitu. Unakwenda polepole, lazima niseme ukweli. Lakini kwa anayejenga karibu na bahari akitaka mti wa kukaliwa chini yake na wajukuu, sioni wa kuushinda.

Na kama maji yako ni ya chumvi, namna ya kumwagilia ina uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Mwagilia chini kwenye udongo, usirushie majani kwa mpira, kwa sababu tone likikauka chumvi inabaki juu ya jani na kuliunguza. Mwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki badala ya kulowesha juu juu kila jioni, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Tandaza matandazo, majani makavu au makumbi ya nazi, udongo usikauke haraka. Masika yenyewe huosha udongo. Ndiyo maana mimea mingi huonekana imepona mwezi wa tano halafu ikarudi kuugua kiangazi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Mombasa. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji cha Bamburi, alianza kupanda miti ndani ya machimbo yaliyokwisha kuchimbwa mawe ya chokaa. Hapakuwa na udongo. Palikuwa na jiwe tupu la matumbawe, jua, na maji ya chumvichumvi chini kidogo ya sakafu ya shimo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizobaki zilikuwa tatu: mvinje, mnazi, na damasi, mti wa upande wa Somalia. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, kwa kuwa mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni hewani. Tatizo likawa majani yake membamba, yalirundikana bila kuoza, mpaka majongoo walipoletwa wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo pale ni Haller Park, pana msitu na wanyama, na watu wanalipa kiingilio.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni utaratibu. Aliiacha ardhi iamue, kisha akaongeza juu ya kile kilichokubali. Wewe na mimi hatuna haja ya kuanza na aina 26, kwa sababu mtaa umeshatufanyia majaribio. Tembea kwenye kiwanja kilichotelekezwa karibu nawe, kwenye uwanja wa msikiti wa zamani, kwenye shule ya msingi isiyo na bomba, makaburini. Chochote chenye majani mwezi wa pili hapo, bila mtu wa kukimwagilia, ndicho cha kuanza nacho. Muulize mama au bibi wa nyumba ya kale pale mtaani kilipandwa lini. Majibu ya watu hao nayaamini kuliko maandishi ya kwenye kiriba.

Kuhusu usiku usiopoa, watu hawalisemi sana jambo hili, na ndilo linaloua mimea ya bara. Mmea hutengeneza chakula chake mchana na kukitumia mchana na usiku. Usiku ukiwa wa moto, matumizi yanapanda. Februari, Dar es Salaam joto la usiku mara nyingi hubaki kwenye nyuzi 25 hivi. Mmea uliozoea usiku wa baridi wa Lushoto au Arusha hapa unaishi kwa kukopa, kila siku deni linaongezeka. Nyasi za Kikuyu, zinazopendeza sana Nairobi, asili yake ni nyanda za juu. Huku zinakuwa za njano, zinaingia ukungu, na mwenye nyumba anaambiwa anunue mbolea. Panda ukoka penye jua kali. Penye kivuli au chumvi panda nyasi pana zile ambazo Mombasa huziita nyasi za Pemba. Ukoka chini ya mwembe hauwezi kukubali hata uuombe.

Mawaridi ya kisasa, yale ya mashamba ya maua ya Naivasha na Arusha, yana shida ya pili: jani linalokaa na unyevu usiku kucha linaota madoa meusi, linakuwa la njano na kudondoka. Unaweza kupiga dawa kila wiki. Kwa nini, lakini? Asumini inakubali joto hili hili na unyevu huu huu, inafungua maua jioni watu wanaporudi nyumbani, na ukiipogoa baada ya kuchanua inaleta matawi mapya yenye maua zaidi. Bogenvilia nayo inataka jua na kuachwa na kiu kidogo. Anayeimwagilia kila siku anapata majani mengi na rangi chache, kisha anasema ameuziwa aina mbaya.

Hapo hapo niguse nafasi. Tunabananisha mimea ukutani ili bustani ionekane imejaa siku ya kwanza. Hewa haipiti, ukungu unashika, vidung'ata wanajificha kwenye vikonyo, na kufikia mwaka wa pili unakata nusu. Acha uwazi. Uwazi unaudhi macho miezi kadhaa tu.

Sasa ashoki. Najua nitawaudhi wengi, kwa sababu miti hii myembamba mirefu imezunguka kuta za nusu ya mji. Sipingi kwamba ni imara. Inastahimili, haipasui ukuta kwa urahisi, haitaki matunzo. Ila mmea wa kuaminika kwangu lazima ufanye kazi, na kazi ya kwanza ya mti katika joto la Dar ni kivuli. Ashoki iliyosimama wima kama ile inakupa kivuli cha kutosha mtu mmoja, na hicho kinahama kila baada ya saa. Nyumba imewekewa vitofali vya pevingi mpaka getini, ukuta umerudisha joto ndani, na miti kumi na miwili imesimama pembeni bila kumpoza mtu yeyote. Mkungu mmoja kwenye kona, mita sita au zaidi kutoka ukutani na mbali na shimo la maji taka, ungebadilisha uani kote. Ndiyo, utafagia majani. Yanabadilika mekundu, yanaanguka yote kwa mkupuo, yanaziba mifereji ya bati. Watoto watakula kungu, na popo nao watakuja. Mimi nakubali kufagia.

Mkrismasi ni mzuri wa kutoa machozi mwezi wa kumi na mbili, lakini mizizi yake inakwenda juu juu na kunyanyua sakafu. Upandwe penye uwanja, usipandwe kwenye ua wa nyumba ya kiwanja kidogo.

Na uimara una upande wake wa hatari. Pale Amani, Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 wakaleta miti ya kila pembe ya dunia. Mti wa *Maesopsis*, ulioingizwa huko enzi za ukoloni, ulikubali kupita kiasi: ukatoka mashambani ukaingia msitu wa asili, ndege wakausambaza, na wahifadhi wamehangaika nao kwa miaka mingi. Mwarobaini nao huku pwani unajiotea wenyewe kila mahali kwa sababu ndege hula matunda yake. Nauheshimu kwa kivuli na dawa, ila aliye karibu na msitu wa asili, hasa misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, kule Kilifi na Kwale, namsihi asiuongeze.

Kinachonisikitisha zaidi ni mimea yetu wenyewe kukosa thamani mpaka isafiri. Kuna mmea wa majani mazito yanayong'aa, unaouzwa kwenye vyungu vya kauri madukani kwa bei ya kushangaza, ukisifiwa kwamba haufi hata ukisahauliwa ofisini. Jina lake la kitaalamu ni *Zamioculcas zamiifolia*, na asili yake ni Afrika Mashariki, zikiwemo pwani za Kenya na Tanzania. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi kwa biashara kwenye miaka ya 1990. Unastahimili ukame kwa sababu una viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji. Tunao porini. Hatukuuona.

Ndivyo tunavyoufanyia mkilua. Bibi zetu wa pwani walipanda vitu vya kunukia karibu na dirisha na kisima: mkilua, asumini, mrehani, mkadi kwa mbali kidogo kwa sababu ya miiba, mlangilangi kwa mwenye nafasi. Walikuwa wakisuka vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, na wakati huo huo wakichagua mimea inayoyaweza mazingira haya. Mhina waliufanya uzio: hauhitaji maji mengi, unakubali kukatwa, maua yake madogo yananukia uani pote, na majani yake yana kazi harusini. Nani leo anapanda uzio wa mhina Tegeta? Ningetamani wachoraji wa bustani wanaolipwa vizuri mjini waanze hapo kabla ya kufungua katalogi ya nje.

Kabla hujalipa, yapo machache ya kufanya pale barabarani. Inua kiriba uangalie chini; mizizi iliyotoka na kujizungusha imekaa humo muda mrefu mno. Uliza mche umekuzwa wapi, na kama ulikuwa chini ya neti ya kivuli uzoeshe jua polepole kwa wiki mbili. Nyumbani chimba shimo la futi mbili kabla ya kununua, uone kilichomo. Viwanja vingi vipya vimejaa kifusi cha ujenzi, na saruji na chokaa vinaufanya udongo umnyime mmea madini ya chuma: utaona iksora imekuwa ya njano huku mishipa ya majani ikibaki ya kijani. Toa kifusi, weka udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri. Panda mvua zinapoanza, masika au vuli, usingoje zikatike.

Miche ya mkilua na mtondoo ni nadra sana kuiona kwenye viriba vya barabarani. Kwa hiyo ombi langu ni kwa ninyi wa Tanga, Pangani, Bagamoyo, Unguja, Lamu, wenye miti hiyo uani kwa mama au kwa shangazi: okoteni mbegu, otesheni, leteni mjini. Mimi nitanunua, na ninao majirani watakaonunua.