Nililipa Nione Wakifungwa, Wakashinda

Jamani, mie nina mkosi wa peke yangu. Timu yangu ya besiboli, White Sox ya Chicago, ilicheza mechi 162 mwaka 2024. Ikafungwa 121, ikashinda 41. Sasa piga hesabu: mtu atoe pesa yake mfukoni, aende uwanjani makusudi kuiona ikifungwa, halafu siku hiyohiyo ishinde. Mtu huyo ndiye mie.

Kuteseka nakujua. Nimekulia Tanga, Coastal Union iko damuni, ubingwa tuliuchukua 1988 na mpaka leo twaula kwa kumbukumbu. Nilipohamia Chicago nikaambiwa mji una timu mbili. Cubs wako kaskazini, uwanja wao una mimea imetambaa ukutani, watalii wanapiga picha. White Sox wako kusini, kwenye reli ninayopanda kwenda kazini. Nikachagua ya njiani. Mapenzi mengine huanzia kwenye nauli.

Kilichoninasa ni hesabu. Hawa watu wanaandika kila kitu, wallahi, hata mpira uliokosewa. Babe Ruth, gwiji wa zamani, alipiga homurani 60 (homurani ni mpira unaopigwa ukavuka uzio) msimu wa 1927, na mzee wa miaka themanini atakutajia hiyo namba kabla hajakutajia jina la mkwe wake. Hank Aaron alipompita Ruth 1974 kwa jumla ya maisha yote ya uchezaji, homurani ya 715, alikuwa ameshapokea barua chungu nzima za kumtishia kifo kwa kuwa tu ni mtu mweusi. Hiyo rekodi unaisimulia ukiwa umevua kofia.

Siku hizi je? Rekodi ikivunjwa hakuna anayemtazama aliyeivunja. Wote wanageuza shingo: mpira umeangukia wapi? Barry Bonds alipovunja rekodi ya msimu mmoja kwa homurani ya 73 mwaka 2001, watu wawili waliugombania ule mpira hadi mahakamani. Hakimu akaamua uuzwe, wagawane. Ukaenda kwa dola 450,000. Mwaka 2007 Bonds huyohuyo akampita Aaron kwa jumla ya maisha, homurani ya 756, na kwa kuwa watu walikuwa wanamnong'ona mambo ya dawa za kuongeza nguvu, mfanyabiashara mmoja wa nguo akaununua mpira kwa dola 752,467, akaitisha kura intaneti: tuupeleke makumbusho kama ulivyo, tuupige chapa ya nyota ya kuutilia shaka, au tuurushe anga za juu? Watu wazima hao, wana ndevu. Nyota ikashinda. Mpira ukapigwa chapa kama ng'ombe wa mnada, ukapelekwa Cooperstown, kwenye makumbusho ya besiboli.

Basi tarehe 19 Septemba 2024, kule Miami, Shohei Ohtani akawa mtu wa kwanza kufikisha homurani 50 na kuiba vituo 50, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, katika msimu mmoja. Mambo makubwa! Na mpira wenyewe? Mwezi uliofuata, mnadani, dola milioni nne na laki tatu na ushee. Kitu cha ngozi kisichofika gramu 150. Tangu hapo nikiona mtoto anachezea mpira uani, namwambia aushike vizuri.

Lakini kabla hata ya mnada huo, Septemba ileile, nilikuwa nimeshapata akili yangu, kumbe ndiyo iliyoniponza. White Sox walikuwa wameshafungwa mara 120, sawa na Mets wa New York wa 1962, walioshika rekodi ya kufungwa. Wakifungwa moja tu, wameingia kwenye historia ya zama hizi. Nikajisemea, hii sasa ndiyo rekodi safi! Haina mpira wa kugombania, haina mnada. Nani adhamini aibu? Naenda kuiona kwa macho yangu.

Kazini nikabadilishana zamu na Mkongo mmoja wa Bukavu. Akanitazama. "Unalipa makuta juu ya kuona batu banashindwa? Kwetu ile iko bure."

Na tiketi ile! Bei yake ilikuwa ya kiungwana. Nikabonyeza: ada ya huduma. Nikabonyeza: ada ya kushughulikia. Nikabonyeza tena: ada ya urahisi. Urahisi wa nani, na mie ndiye niliyebonyeza mpaka kidole kikafa ganzi?

Uwanja wenyewe ulipofunguliwa 1991 uliitwa Comiskey, jina la mwanzilishi wa timu. Baadaye likanunuliwa na kampuni ya simu, kisha na kampuni ya mikopo ya nyumba, ambayo nembo yake, naapa, ilikuwa na mshale mwekundu unaoelekeza chini. Juu ya lango la timu ya mwisho! Na tangu 2023 timu zinaruhusiwa kuuza bega la mchezaji. Kiraka cha tangazo kinakaa mkono wa kulia au wa kushoto kutegemea anapigia upande gani, ili kamera isipate pa kukwepa.

Jumanne, tarehe 24 Septemba, wageni ni timu ya Angels. Tuko nyuma mbili bila. Nimetulia, karanga mkononi, najiona shahidi wa historia. Awamu ya nane kati ya tisa, hawa mabwana, waliokuwa wamelala tangu Aprili, wakaamka. Moja. Mbili. Tatu. Wakaongoza! Jirani yangu, mzee aliyejivika mfuko wa karatasi kichwani kuficha aibu, akauvua kuhakikisha. Uwanja mzima ukaanza kuimba: "Uza timu! Uza timu!" Mwenye timu yuko hapo tangu 1981. Jina la uwanja limeuzwa, bega limeuzwa, mpira unauzwa hadi na jasho lake. Kitu kimoja tu tumekiomba kiuzwe, hicho hakiuzwi.

Tatu kwa mbili. Jumatano wakashinda tena, Alhamisi tena. Ijumaa wakasafiri hadi Detroit, wakafungwa nne kwa moja, historia ikaandikwa nami niko ghalani napanga maboksi.

Mwanangu akanifariji. Baba, tiketi za mechi za kumbukumbu zina soko. Nikafungua simu mbio. Tiketi yangu ipo, ya ushindi wa 37. Na haiuziki, maana ni picha tu kwenye simu. Karatasi hawatoi tena, na ile ada ya kushughulikia, mpaka leo sijui walishughulikia nini.