Mapaja ya mama si mkanda

Sikukuu iliyopita tulitoka Fuoni kwenda Mnazi Mmoja kwa gari ya shemeji. Mimi nilikaa mbele, nimempakata mwanangu wa miaka miwili kama tulivyopakatwa sote. Karibu na Mwanakwerekwe kijana wa baskeli akakatiza, shemeji akakanyaga breki. Hatukugonga kitu, na mwendo wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini mikono yangu iliachia, mtoto akaenda kupiga paji la uso kwenye deshibodi. Gauni lake la Idi likaingia damu kifuani.

Na nilikuwa nimemshika kweli kweli. Hilo ndilo ninalotaka kina mama wenzangu walisikie. Gari ya kilomita 50 kwa saa ikigonga, mtoto wa kilo 10 anarushwa mbele kwa nguvu ya kama kilo 300. Mkono gani utazuia? Ukijifunga naye mkanda mmoja ndiyo mbaya zaidi, maana uzito wako wote unamkandamiza yeye.

Usiku ule nilirudi garini na tochi ya simu. Kumbe mikanda ya nyuma ipo! Imelala chini ya makava ya viti, vifungio vimezama pamoja na maganda ya njugu. Nikachana kava kwa mkasi. Shemeji alinuna, kisha akaja kunishikia tochi.

Mtoto akae nyuma. Mchanga awe na kiti chake, ageuziwe uso nyuma, kwa sababu kichwa chake kizito na shingo bado laini. Wala kiti hicho kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa, ule unaofura ghafla gari ikigonga, maana ukifyatuka unaweza kumuua. Mkubwa kidogo anataka kiti cha kumnyanyua, mkanda umpite begani na nyongani, sio shingoni na tumboni. Uingereza sheria inamtaka akikalie mpaka atimize miaka 12 au sentimita 135. Sisi wa umri huo tunawasimamisha katikati ya viti.

Najua ni ghali. Ukipata cha mtumba, kikague nyufa na uulize kama kimewahi kupata ajali. Ya daladala sina jawabu. Lakini gari za skuli tunazilipia kila mwezi, na mzazi ana haki ya kufungua mlango akahesabu. Jumatatu nilihesabu ile ya mwanangu mkubwa: nafasi saba, watoto kumi na tisa. Nikamwambia dereva, mwanangu hapandi. Siku hizi tunatoka mapema, tunakwenda kwa miguu.