Mbolea hai kwenye soya: wanaoisifu na wanaoilaumu wote wana hoja

Pakiti ya gramu 100 ya mbolea hai, yaani bakteria wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, hutosha mbegu za soya kilo 10 hadi 15. Mkulima wa Kahe au Usa River akichukua mbili au tatu, ekari yake imetosha, na anazibeba mfukoni. Hapo ndipo wanaoipigia debe wanapopata nguvu ya kusema.

Hesabu iko upande wao. Punje ya soya ina protini karibu asilimia 40, na protini haijengeki bila naitrojeni. Tani moja ya soya iliyovunwa huondoka na naitrojeni kilo 60 hivi, ilhali mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 tu. Bakteria wa kwenye pakiti, aina ya Bradyrhizobium, huingia mizizini, huunda vinundu na kuipatia soya naitrojeni ya hewani. Brazili hulima soya karibu bila mbolea ya naitrojeni kwa njia hiyohiyo, na mwanasayansi wake Mariangela Hungria alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025 kwa kazi ya aina hii. Hata kwetu si jambo geni: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kutengeneza yake, Nitrosua.

Lakini yupo mkulima anayesema aliitumia na hakuona kitu. Namwamini. Kilichomo ndani ya pakiti ni viumbe, na joto la Moshi la Februari, dukani chini ya bati, linaweza kuwaua kabla masika hayajaanza. Dawa ya kuvu iliyopakwa kwenye mbegu nayo huwadhuru, na mbegu iliyoachwa juani baada ya kupakwa ni kazi bure. Kinachonisikitisha ni kwamba mabishano haya huendelea bila mtu kung'oa hata mche mmoja. Soya inapotoa maua, chimbua mche taratibu, pasua kinundu: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi, na hapo kuna cha kumuuliza muuzaji.

Kisha kuna fosforasi, ambayo haitoki hewani. Ikipungua udongoni, vinundu huwa vichache hata kama pakiti ilikuwa nzima. Fosfeti ya Minjingu inachimbwa jirani tu, barabara ya Arusha kwenda Babati, ila hufanya vizuri zaidi penye udongo wenye tindikali. Penginepo TSP, mbolea ya fosfeti ya kiwandani, huonyesha matokeo mapema zaidi. Kwa hiyo anayemwambia mkulima kwamba pakiti inamaliza habari ya mbolea anampotosha. Inamwondolea urea, basi.

Dai ninalolipinga zaidi ni kwamba soya itarutubisha shamba kwa ajili ya mahindi yajayo. Huku kwetu, baada ya kupura, mabua na majani hupakiwa kupelekwa mlimani kwa ng'ombe wa zizini, na samadi yake huishia kwenye migomba. Naitrojeni imepanda mlima. Shamba la tambarare limebaki na mizizi. Sisemi ng'ombe wasile. Nasema faida hiyo isihesabiwe mara mbili.

Na fedha? Nionavyo, kwa gharama ndogo ya pakiti, kujaribu kunalipa, mradi pakiti imetunzwa penye ubaridi na tarehe yake haijapita. Ila gunia la ziada likiuzwa kwa dalali wiki ya mavuno, wakati kila mtu anauza, ongezeko linaweza kuliwa na bei. Mwenye nafasi nzuri kuliko wote ni mfugaji wa kuku anayelima soya yake mwenyewe: anaikaanga kwanza, kwa kuwa soya mbichi huzuia kuku kumeng'enya protini, kisha anaichanganya kwenye chakula ambacho angekinunua kwa bei ya duka.