Kitanda cha Tano kwa Sita

"Hiki ulichochora ni kitanda au ni godoro?"

Fundi hakuwa ananitania. Alikuwa ameilaza karatasi yangu ya A3 juu ya meza yake ya kazi pale Keko, Dar es Salaam, katikati ya maranda, kona moja ameikandamiza kwa randa ili upepo usiichukue. Kidole chake chenye gundi kilikuwa kimetua juu ya mstatili niliouandikia 152 × 183. Nikamjibu bila wasiwasi: kitanda, futi tano kwa sita. Akacheka kwa pua.

"Dada, tano kwa sita ni godoro. Kitanda chake sijakiona humu."

Nilikuwa mwaka wa pili wa kusomea usanifu wa ndani. Kufikia siku hiyo nilishachora mapokezi ya hoteli ya ufukweni, duka la nguo na mgahawa wenye taa za kuning'inia, na vyote vilinipa alama nzuri. Swali kama la yule fundi sikuwahi kuulizwa, maana katika vyumba vyote vile hakuna mtu aliyetarajia kulala, kupika wala kukosa pa kupita.

Niseme mapema kwamba silalamikii studio. Naipenda. Shule nzima nimesoma kwa kukariri, nikafika chuoni nikakuta somo ambalo hupewi notsi: unapewa mradi, wiki chache, meza ya kuchorea, na mwalimu anayezunguka akiuliza "kwa nini?" hadi uchoke. Kwa nini dirisha hapa? Kwa nini kochi limeupa mgongo mlango? Ukijibu "kwa sababu inapendeza" umekwisha. (Majirani bado wananiuliza kama nasomea mapazia. Nimeshaacha kubishana, tena pazia lina habari yake, nitalifikia.) Nachosema ni kwamba studio inajua kuuliza "kwa nini" ila mara nyingi inasahau kuuliza "sentimita ngapi," na huyo wa kuuliza sentimita hatujamwalika.

Mradi wenyewe ulikuwa mdogo kuliko yote tuliyowahi kupewa: chumba kimoja cha kupanga, cha mtu halisi anayeishi ndani yake. Darasa liliguna. Tulikuwa tunasikia kwamba waliotutangulia walipewa hoteli, sisi tunapewa chumba! Mimi nilipata mwenyeji Temeke, mama anayeuza vitumbua asubuhi, anaishi na mjukuu wa miaka saba. Nyumba ni ile tunayoijua wote: baraza mbele, korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma kwenye choo na mahali pa kupikia. Dalali angeandika "futi kumi kwa kumi" na hapo maelezo yangeishia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, ila angalia ndoo."

Nikapita, nikaangalia ndoo, nikatoa tepu, nikapima ukuta mmoja. Sentimita 305, sawasawa na futi kumi za dalali. Nikaandika. Halafu nikafanya kosa ambalo sitalifanya tena: nikapima huo mmoja, mingine mitatu nikaiamini.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kazi yangu. Kwenye mchoro niliweka kichwa cha kitanda ukuta wa nyuma, miguu ikielekea mlangoni, ubao wa mlango ukifungukia ndani kwa sentimita 90. Toa 183 kwenye 305, zinabaki 122. Mlango unakula 90, zinabaki 32. Safi, mtu anapita. Nikatia rangi, nikaweka zulia la kijani, nikaenda Keko kuuliza bei.

Baada ya kuchekwa nilirudi Temeke na mwenzangu wa darasani. Safari hii tulipima kila ukuta, chini na usawa wa kifua, kisha tukapima pembe kwa pembe, kutoka kona hadi kona ya pili. Vipimo viwili vya pembe kwa pembe visipolingana, chumba hakiko mraba. Havikulingana. Upande wa mlango chumba kilikuwa na 305, upande wa kitanda 298. Ukuta ulikuwa umepinda, na aliyepiga plasta alijaza kasoro kwa saruji kama sote tunavyofanya. Halafu tukapima kitanda chenyewe. Ubao wa kichwani una kirafu cha kuwekea simu na dawa ya mbu, miguuni kuna ubao mwingine mpana wenye urembo. Urefu wote 208.

Sentimita 7 zimeliwa na ukuta, 25 zimeliwa na kitanda. Jumla 32. Ile nafasi yangu yote ya mtu kupita, ile niliyoipaka kijani, haikuwepo duniani. Mlango ungegusa kitanda. Ukiongeza shuka linaloning'inia, usingefunguka wote.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akitutazama tunavyonong'onezana. Akauliza kwa upole kabisa: "Na chandarua kitafungwa wapi?"

Tazameni picha za vyumba tunazochora kwa kompyuta, kisha mnitafutie chandarua. Hakuna. Tunachora vyumba vya kulala vya Dar es Salaam, mji wa joto na mbu, na hatuweki chandarua kwa sababu picha tunazoiga zimetoka kwenye miji isiyo na mbu. Picha yangu haikuwa na ndoo ya maji ya akiba, haikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6, haikuwa na sanduku chini ya kitanda wala sare za shule zilizotundikwa msumarini. Ilikuwa na chungu cha ua. Mama hana ua. Nilikuwa nimemhamisha mwenye chumba, nikaleta mtu ambaye sijui anakula saa ngapi.

Na pazia sasa. Mama alikuwa ametundika pazia la maua makubwa kukata chumba: nyuma kitanda, mbele kiti na televisheni. Kwenye mchoro wa kwanza nililiondoa nikaweka ukuta mwepesi wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kimo cha mita mbili, wenye rafu pande zote. Niliona nimepata jawabu la maana. Kumbe lile pazia lilikuwa linafanya kazi nne ambazo MDF yangu isingefanya hata moja: linapitisha upepo wa dirishani hadi mbele, linafuliwa, linasogezwa wageni wakija wengi, na siku ya kuhama linakunjwa likaingia begini. MDF nayo ina ugonjwa wake ambao fundi yeyote atakuambia bure. Ikinyonya maji inavimba na hairudi. Chumba kinapigwa deki kila asubuhi. Ukuta wangu ungeoza kuanzia chini kabla mjukuu hajafika darasa la tatu.

Ndipo nikaelewa kitu nilichokuwa nimekiona mwaka mmoja kabla nikakipita. Tulipelekwa Zanzibar kuchora majumba ya Mji Mkongwe, ambao uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wote tulipiga picha za milango. Mwalimu alihangaika kutuonyesha dari. Vyumba vya zamani kule ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu ambao mti wenyewe umekubali: mita mbili na nusu, tatu hivi. Upana wa chumba ulikatwa kwenye mikoko kabla mwenye nyumba hajafikiria lolote. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kutoka Rufiji na Lamu hadi Ghuba, na kule nako vyumba vikafuata urefu wake. Hakuna aliyeona aibu kwa wembamba huo. Watu wa pwani walichonga zidaka ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyombo vikakaa ukutani na sakafu ikabaki kwa watu. Ukuta wa Temeke ni tofali moja la inchi sita, huwezi kuchonga kitu. Lakini swali ni lilelile: kitu gani kitoke sakafuni?

Siku ya kubandika kazi ilifika. Kwa wasioijua, ni siku ambayo unabandika michoro ukutani, unasimama pembeni na macho mekundu, walimu na wageni wanakaa mbele yako na unasulubiwa kwa dakika ishirini. Macho mekundu ni karibu masharti. Kuna neno la Kifaransa ambalo wanafunzi wa usanifu duniani kote wanalitumia kwa ule mkesha wa mwisho, "charrette," maana yake mkokoteni. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19, pale École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa cha Paris, mkokoteni ulipita kukusanya kazi na wanafunzi waliukimbilia wakiwa bado wanachora. Mimi nikisikia mkokoteni naona Kariakoo saa sita mchana, na nawaza kwamba msukuma mkokoteni wa Kariakoo angalau analipwa kwa kila safari. Sijawahi kuona mchoro uliokuwa bora saa kumi usiku kuliko ulivyokuwa saa mbili. Nimeona vidole vilivyokatwa na kisu cha kadibodi. Kukesha tunakuheshimu kupita kiasi, na walimu wanajua.

Nilibandika michoro miwili: ule wa kwanza wenye zulia la kijani, nikaandika juu yake sentimita 32 kwa wino mwekundu, na ule wa pili. Kwenye wa pili nilikigeuza kitanda, urefu ukafuata ukuta wa nyuma chini ya dirisha. Upana wake halisi na mbao zake ni 168. Toa kwenye 298, zinabaki 130, mlango unachukua 90, mama anabakiwa na 40 za kupita hata mlango ukiwa wazi. Mjukuu analala upande wa ukutani, anapata upepo, na bibi anaamka alfajiri kwenda kwenye vitumbua bila kumvuka. Pazia lilibaki. Chandarua kikapata fremu yake iliyofungwa kwenye kenchi za paa. Juu ya mlango kukawa na rafu ndefu ya mabegi.

Picha zangu zilikuwa mbaya, nakiri. Mwenzangu mwenye kompyuta yenye nguvu alikuwa na picha ambazo ungedhani zimepigwa kwa kamera, jua limelala sakafuni kama asali, na wageni walizikalia muda mrefu. Mlango wake, kama ungekuwepo kweli, ungefungukia ndani ya kabati. Hakuna aliyeuliza. Mimi niliulizwa kwa nini sikuchagua rangi zenye ujasiri zaidi. Nilipata B. Sijaumia na hiyo B, ila swali ambalo halikuulizwa bado linaniuma.

Hapa ndipo lilipo ombi langu. Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu, ilipofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, karakana zake ziliongozwa na watu wawili wawili: msanii wa kufundisha umbo, na fundi wa kufundisha kazi ya mikono. Mwanafunzi alikuwa na wa kumjibia pande zote mbili. Sisi tumerithi upande mmoja. Siku ya kubandika kazi, kwenye ile safu ya viti vya mbele, nataka kiti kimoja apewe seremala, na kingine apewe mwenye chumba. Walipwe nauli na muda wao, wasiletwe kama mapambo ya shughuli. Seremala hatajua neno "dhana" tunavyolitumia, wala hahitaji. Atasogea ukutani, ataweka kidole, atauliza hiki ni kitanda au ni godoro, na darasa zima litapekua michoro yake kimyakimya.

Watakaosema kwamba hoteli zinafunza ukubwa wa fikra, nakubali kidogo. Kuna mambo ya moto, ya watu wengi kutoka kwa pamoja, ya sauti na mwanga, ambayo chumba kimoja hakiyafikishi. Lakini hoteli ije baada ya chumba. Mtu aliyepotezewa sentimita 32 na mama wa vitumbua atazitafuta hata kwenye ukumbi wa watu mia tano.

Kulikuwa na kitu kimoja tulichokitengeneza kweli. Tulichanga darasani, yule fundi wa Keko akatupunguzia, tukatengeneza benchi la mbao za paini la urefu wa sentimita 85, likaingia kwenye ile nafasi iliyobaki miguuni mwa kitanda. Nililichora likae watu wawili, chini liwe na uwazi wa viatu. Kimo chake nilikipima kwa goti la mama mwenyewe. Fundi hakuuliza swali hata moja, nikaona nimefuzu.

Mwezi uliopita nilipita kumsalimia. Juu ya benchi zilikuwa zimepangwa ndoo mbili za lita ishirini, zimefunikwa, kata imelazwa juu ya moja. Chini viatu vya mjukuu. Nikamwambia mama, nisamehe, naona benchi halikaliki, nikuombee fundi akutengenezee jingine?

"Liache hapohapo," akasema. "Miaka yote hii naziinamia chini." Akanisogezea kile kiti cha plastiki, nikakaa.